Tupeane uzoefu: siku kompyuta ilipohifadhi kitu tofauti na ulichokusudia

MwanaHimbi, Goma

Ndugu na dada, habari za jioni. Baada ya kazi huwa nawasaidia vijana wachache wa mtaani kwetu kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na nimeona kwamba wengi wanaokwama hukwama kwenye jambo ambalo masomo ya mwanzo hulipitia haraka mno, yaani aina ya data: thamani tuliyoiweka kwenye kigeu (jina linaloshika thamani ndani ya programu) imehifadhiwa kama namba kamili, kama desimali, au kama maandishi? Wiki iliyopita binti mmoja aliandika programu ya kumsaidia shangazi yake mwenye duka kule Birere. Programu ilimwuliza bei ya sabuni, akaandika 2500. Ikamwuliza bei ya sukari, akaandika 1500. Kisha ikamwambia kwamba jumla ni 25001500. Nilimweleza kwamba input, amri ya Python inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi daima, hata ukibonyeza tarakimu tupu, na kwamba alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili huyaunganisha tu, moja nyuma ya jingine. Alipoiweka kila input ndani ya int, amri inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, jumla ikawa 4000. Hata hivyo aliniuliza swali ambalo bado nalifikiria: "Mwalimu, kwa nini haijui kwamba hizi ni faranga?"

Naomba kila mmoja asimulie tukio lake mwenyewe, chanzo chake, na namna alivyolirekebisha, ili nipate mifano ya kuwafundishia.

Wa_Kamalondo, Lubumbashi

Asante kwa kulianzisha hili, mwalimu. Mimi nilijifunza kuandika programu kwa Turbo Pascal, lugha ya zamani, katika chumba chenye kompyuta tatu na wanafunzi wanne kwenye kila moja. Marehemu baba alikuwa akiuza unga, nami nilitaka kumwonyesha kwamba masomo yangu yana faida, kwa hiyo niliandika programu ya kujumlisha mauzo yake ya siku. Nilisoma kiasi cha kwanza, 30000, na cha pili, 5000, na skrini ikaandika -30536. Baba alinitazama, akauliza kama kompyuta inadai kwamba ana deni.

Chanzo ni kwamba integer (namba kamili) ya Turbo Pascal hupewa baiti mbili tu, yaani biti 16 (nafasi 16 za sifuri au moja), ambazo zinatosha kwa thamani 65,536, kuanzia -32,768 hadi 32,767. Jumla ikivuka ukingo wa juu, inazunguka na kuingia upande wa hasi: 35,000 ukitoa 65,536 unabaki na -30,536 kamili. Mwalimu alinishauri nitumie longint, aina kubwa zaidi ya namba kamili, inayofika 2,147,483,647, nami nikabadilisha kigeu cha jumla peke yake, lakini jibu likabaki lilelile. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba vile vigeu viwili vinavyojumlishwa bado vilikuwa integer, hivyo hesabu ilifanyika kwanza ndani ya biti 16, ikaharibika humo, ndipo jibu lililokwisha kuharibika likahamishiwa kwenye chombo kikubwa. Vijana wa Python hawatakutana na hili, kwa sababu namba kamili za Python hukua kadiri kumbukumbu inavyoruhusu, lakini atakayehamia lugha ya Java atalikuta lote, kwa kuwa int yake ina biti 32, na kwa faranga zetu bilioni mbili si mbali sana kwa mfanyabiashara wa jumla.

Kadutu_Juu, Bukavu

Langu ni fupi. Nilihifadhi namba za simu za wateja kama namba kamili, na zote zikapoteza sifuri ya mwanzo. Sasa nina kanuni moja: namba ambayo sitaijumlisha wala kuigawanya kamwe, kwangu ni maandishi.

MwanaHimbi, Goma

Kanuni hiyo nitaiandika ubaoni kesho. Asante sana, ndugu.

DadaWaIbanda, Bukavu

Mama yangu huuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwa kilo, na mimi ndiye ninayemwekea hesabu. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mkono wangu huandika 12,5 kwa mkato, na float, amri inayogeuza maandishi kuwa desimali, ilikataa ingizo hilo kila mara, kwa kuwa Python inataka nukta. Niliongeza replace ya kugeuza mkato kuwa nukta kabla ya float, na mama akaendelea kuandika alivyozoea, jambo ambalo naliona ni haki yake.

Kosa lililonisumbua zaidi lilitokea kwenye dola za likelemba yetu, yaani kikundi chetu cha kuchangiana fedha kwa zamu. Programu ilikuwa ikilinganisha michango na kiasi kinachotakiwa, na kwa 0.1 mara tatu ilikataa kwamba ni 0.3, kwa sababu kwake jumla ilikuwa 0.30000000000000004. Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa sifuri na moja, kama vile theluthi isivyoisha ukiiandika kwa desimali. Sasa nahifadhi senti kama namba kamili, na nagawanya kwa 100 wakati wa kuonyesha tu.

Mkesha_Katindo, Goma

Dada wa Ibanda hapo juu amenikumbusha langu. Nilikuwa naingiza majina ya wanakwaya wetu kwenye orodha, nikafika jina la 86, umeme ukakatika. Orodha ilikuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta pekee, na kumbukumbu hiyo haishiki chochote umeme usipokuwepo. Nikajifunza kuandika kwenye faili, lakini niliifungua kwa "w", ambayo hufuta yaliyokuwemo kila inapofunguliwa; kwa hiyo kila jioni nilikuwa nafuta kazi ya jana yake bila kujua, na niligundua siku ya nne.

Siku hizi naifungua kwa "a", inayoongeza mwishoni, na kila jina ninalolipokea nafungua faili, naliandika na kuifunga kabla ya kuuliza linalofuata. Juzi umeme ulikatika nikiwa kwenye jina la 14, na uliporudi nilikuta majina 13 kwenye faili.