Jiko la mita moja na nusu kwa mbili: presha kuka, maikrowevu au ea fraya?

MamaBrayan_Kijenge (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri, ila msinirushie picha za majiko ya watu wenye kaunta inayozunguka chumba kizima.

Nimepanga Kijenge, Arusha: chumba, sebule na jiko. Hilo jiko lilikuwa stoo ya mwenye nyumba. Alitoboa ukuta akaweka dirisha na sinki, kodi ikapanda siku hiyohiyo. Nimelipima kwa tepu, ni mita moja na nusu kwa mbili. Kaunta ina sentimita 110. Jiko la gesi la pleti mbili limekula zaidi ya nusu, kichanja cha vyombo kimekula kilichobaki, mimi nakatia mboga kwenye kibao nilichokilaza juu ya sinki. Juu ya kaunta kuna kabati la ukutani, kutoka kaunta hadi chini ya kabati ni sentimita 45. Friji dogo liko nyuma ya mlango, kwa hiyo mlango haufunguki wote. Mama mkwe alipokuja Pasaka aliingia ubavu-ubavu, na mama mkwe wangu si mtu mwembamba.

Soketi ni moja, ya matundu mawili. Tundu moja la friji, jingine la jagi la kuchemshia maji.

Sasa baba Brayan ni dereva wa watalii. Msimu umekuwa mzuri, amerudi na tipu akasema "nunua kitu kimoja cha jikoni unachokipenda wewe", akanipa laki mbili na nusu. Nimeshukuru, tumelala. Asubuhi ameamka na kampeni ya ea fraya! Eti kuna kambi huko Serengeti walimlisha chipsi zilizopikwa humo bila mafuta. Dada yangu yeye anasema maikrowevu, kwa kuwa natoka kazini saa 12 jioni na watoto wana njaa. Mimi moyo wangu uko kwenye presha kuka ya umeme, kwa ajili ya maharage na makande.

Ila naiogopa, tena si kidogo. Nyumbani kwetu tulikuwa na ile ya zamani ya kubandika juu ya moto. Siku moja ilirusha kizibo, dengu zikaganda darini. Nilikuwa na miaka 8, na mpaka leo kitu kikianza kupuliza jikoni mimi natoka nje. Halafu kuna suala la LUKU, huu umeme wa kulipia kabla.

Tunachokula: ugali na maharage, ndizi, wali, makande kila Jumamosi. Nyama mara moja kwa wiki. Chipsi tunanunua kwa jirani.

Kitaingia kimoja tu. Kipi? Nawasilisha.

Mtazamaji77 (saa 3:31 usiku)

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa hapa na kahawa yangu.

Chalii_wa_Ngaramtoni (saa 3:40 usiku)

Aisee dada, msikilize shemeji. Nina ea fraya mwaka wa pili, naishi geto la chumba kimoja na sijawahi kujuta. Viazi dakika 20, paja la kuku dakika 25, na chapati za jana zinarudi kama zimetoka kwenye kikaango sasa hivi. Kuosha ni droo moja tu.

MamaBrayan_Kijenge (saa 3:52 usiku)

Kaka, wewe uko peke yako. Sisi tuko wanne na huyu Brayan ana miaka 9 lakini anakula kama mbeba zege. Kwa droo ya lita nne nitapika awamu tatu, wa kwanza akimaliza kula wa mwisho amelala.

Fundi_UngaLimited (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Mama Brayan, habari za asubuhi. Mimi natengeneza friji na vyombo vya umeme, naomba nikwambie yale ninayoletewa mezani maana dukani hawatakwambia.

La kwanza kabisa, chochote utakachonunua usikichomeke kwenye ekstensheni pamoja na jagi. Plagi zetu za pini tatu mwisho wake ni ampia 13. Kwa volti 230 hiyo ni wati 2,990. Jagi peke yake linakula wati 2,000 hivi, ea fraya 1,500. Piga hesabu. Zile ekstensheni za kutembezwa mkononi waya wake mwembamba na nyingi hazina fyuzi, kwa hiyo hakuna kitakachokatika mapema kuokoa jahazi. Dalili ya kwanza ni harufu ya samaki. Ukisikia jikoni kunanuka samaki na hujapika samaki, chomoa kila kitu, kisha tazama pini: utakuta moja imepata doa la kahawia pale inapoingia kwenye plastiki. Mteja wangu mmoja alihangaika siku mbili kutafuta samaki nyuma ya friji.

Maikrowevu: ile 700 iliyoandikwa kwenye boksi ni nguvu inayofika kwenye chakula. Kwenye soketi inavuta 1,100 mpaka 1,200. Ni chombo kizuri cha kupasha, na kwa familia inayopika mara moja ikala siku tatu ningesema nunua. Lakini yenye lita 20 ina upana wa sentimita 45 hivi, na bado inataka nafasi ya kupumua. Kwako italala juu ya jiko la gesi.

Ea fraya hewa ya moto inaitolea nyuma. Ukiisukumia ukutani inajichoma yenyewe, na rangi ya ukuta inageuka njano. Mpe angalau upana wa kiganja.

Presha kuka ya umeme ya lita 6 ni wati 1,000 hivi, na haivuti muda wote. Ikishafika presha inajikata, ikipoa kidogo inajiwasha. Hiyo ya dengu darini siyo hii. Hizi za sasa mfuniko unajifunga wenyewe, haufunguki mpaka presha imeshuka, na presha ikizidi kuna njia nyingine ya kuitoa. Ninachoomba ni kimoja: kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana raba ya akiba ya mfuniko ya saizi hiyohiyo. Akianza kutafuta maneno, nenda duka la pili. Zinazokuja kwangu zimekufa, nyingi hazijafa. Ni raba tu imelegea au kitundu cha mvuke kimeziba kwa uji.

Na hilo friji nyuma ya mlango, limegusa ukuta? Kama limegusa, lisogeze. Moto wake unatokea nyuma, na ukikosa pa kwenda mota haipumziki. Unaogopa presha kuka italamba LUKU wakati anayelamba yupo nyuma ya mlango mwaka mzima.

BibiWaPasua_Moshi (Jumatano, saa 4:20 asubuhi)

Mwanangu Mama Brayan, mimi niko Moshi, Pasua, jiko langu ni dogo kuliko lako na nimelea watoto watano humo. Nina presha kuka mwaka wa nne. Nakupa makosa yangu uyaokote bure.

Niliiweka chini ya kabati la ukutani, kama hilo lako. Kabati lilikuwa la zile mbao za unga uliogandishwa, limepakwa karatasi nyeupe, zuri kabisa. Miezi mitatu ya mvuke, chini yake kukavimba kama mkate, karatasi ikabanduka, skrubu zikaanza kutoka zenyewe. Siku glasi zilipodondoka ndipo nikaelewa. Mwenye nyumba alinikata kwenye amana. Kwa hiyo hesabu yako ya sentimita 45 haitoshi hata kama chombo kina 32. Unatakiwa uhesabu mfuniko ukiwa umeinuliwa, na mahali mvuke unapokwenda. Iweke upande wa dirisha, dirisha wazi, mtoto mdogo asifikie.

Pili, kabla hujatoa hata senti, chukua boksi la mafuta ya kula, likate liwe na ukubwa wa kile chombo, liweke kwenye kaunta na upike nalo siku saba. Usilitoe. Utajua mwenyewe kama unakitaka. Mimi nilifanya hivyo kwa oveni ya mezani, siku ya tatu nikalipiga teke boksi, nikabaki na hela yangu.

Na nunua raba mbili. Usiniulize kwa nini sasa hivi.

Mwl_Sekei (Jumatano, saa 10:05 jioni)

Nichangie kidogo, nafundisha fizikia. Wengi hawajiulizi kwa nini maharage ya Arusha ni magumu kuiva, wanalaumu muuzaji sokoni. Sisi tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 au 96, siyo 100. Uongeze moto unavyotaka, sufuria ya wazi haivuki hapo, unachoongeza ni mvuke tu. Mtu wa Dar es Salaam anapika kwa maji ya moto zaidi kuliko wewe. Ndani ya presha kuka joto linapita 110. Waulizeni wapishi wa Mlima Kilimanjaro: kambi ya Kibo Hut, juu ya mita 4,700, maji yanachemka kwenye nyuzi 84 hivi. Huko ukibandika maharage makavu kwenye sufuria ya kawaida, mgeni wako atapanda kileleni na kurudi hayajaiva.

Kwa hiyo kwa orodha yako ya vyakula, sioni mjadala.

Chalii_wa_Ngaramtoni (Jumatano, saa 10:30 jioni)

Ticha umeniangusha. Ila chapati zangu zinabaki palepale.

MamaBrayan_Kijenge (wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 2 usiku)

Shikamoo Bibi, na wote mlionishauri asanteni. Narudi na mrejesho, na aibu kidogo.

Boksi nililikata. Siku ya kwanza nililiweka kwenye kaunta upande wa dirisha, juu ya kichanja cha vyombo kwa sababu hapakuwa na pengine. Siku ya pili likaanguka kwenye sinki. Siku ya nne nilikuwa nalitukana, nikagundua silitukani boksi, natukana kichanja. Miaka mitatu kimekaa pale, vikombe sita na sahani za wageni ambao hawaji, na mimi nakatia mboga juu ya sinki! Nimemwita fundi akakitundika ukutani juu ya sinki, maji yanachuruzika humohumo. Elfu kumi na tano. Nimepata sentimita 38 za kaunta, na hapo dirishani kabati la ukutani halifiki.

Nimenunua presha kuka ya lita 6, laki moja na elfu themanini, baada ya kuacha maduka mawili karibu na Soko Kuu yasiyokuwa na raba. La tatu walikuwa nazo, elfu nane moja. Friji nalo lilikuwa limegusa ukuta kweli, tena lilikuwa limebana pasi yangu ya zamani niliyodhani imeibiwa.

Sasa aibu. Jumamosi ya kwanza nimeloweka mahindi na maharage tangu usiku, nikajaza mpaka karibu na juu kwa sababu nilitaka ya siku mbili. Ikaanza kupuliza. Mara ikaacha kupuliza ikaanza kutema, povu la rangi ya waridi likaruka mpaka kioo cha dirisha. Mimi nilishamnyakua mdogo wake Brayan, niko uani miguu mitupu, namwita jirani. Brayan akabaki ndani. Alizima kwenye soketi, akasubiri, akaja mlangoni na kile kitabu cha maelekezo: "Mama, kuna mstari humu ndani. Maharage ni nusu." Kweli mstari upo, umechorwa kwenye sufuria na maji yakihesabiwa humohumo. Kitundu cha mvuke nilikichokonoa maganda kwa kijiti robo saa nzima.

Jana nimepika nusu kama ilivyoandikwa. Dakika 50, halafu nikaiacha ishuke yenyewe. Nilizima friji makusudi nikasoma mita: imetoka 63.8 mpaka 63.4. Elfu kumi yangu huwa inatoa uniti 28 hivi, mwanzo wa mwezi ndiyo wanatoa kwanza kodi ya jengo, kwa hiyo sufuria ya makande ni kama shilingi 140. Mkaa wa kazi hiyo nilikuwa nanunua wa elfu moja na mia tano, na wapangaji wenzangu wanakohoa kwenye korido Jumamosi nzima. Jagi na presha kuka haviwashwi pamoja, nimebandika karatasi juu ya soketi.

Ikipuliza bado natoka nje. Lakini sasa naishia mlangoni.

Baba Brayan kala sahani mbili, kasifia, kisha kaniuliza ile ea fraya tutaiweka wapi. Nimempa tepu aingie jikoni apime mwenyewe.

Swali moja la mwisho kwa Bibi: leo nimepika wali wa nazi ukatoka na harufu ya supu ya Ijumaa. Sufuria nimesugua mara tatu. Tatizo nini?

BibiWaPasua_Moshi (saa 2:25 usiku)

Marahaba mwanangu. Siyo sufuria, ni raba, inanyonya harufu ya nyama na kitunguu saumu. Iloweke usiku kwenye maji na siki, asubuhi uianike kivulini. Halafu chukua ile ya pili, iandike kwa kalamu ya wino mzito "wali", na hiyo isiguse nyama kamwe.