Shughuli ya Mzee: tuweke Majuto na Sharo, Senga na Pembe, au Orijino Komedi?

Mjukuu wa Mbagala
Heshima kwenu wakuu. Jumamosi ijayo tunamfanyia Mzee wetu shughuli nyumbani. Projekta tumepata, shuka jeupe la kutundika ukutani lipo, tunataka baada ya pilau watu wacheke. Tumegawanyika kuhusu wachekeshaji: dada anataka King Majuto na Sharo Milionea, kaka anataka Senga na Pembe, mimi nasimama na kundi la Orijino Komedi. Kijana wa video anataka jibu na advansi leo. Nawasilisha.

Fundi Cherehani
Mkuu, umeuliza bei ya kitambaa bila kusema unashona nini. Mzee ana miaka mingapi? Wageni ni akina nani? Watoto wapo?

Binti Muheza
Majuto na Sharo, hapo hamna mjadala. Wote watoto wa Tanga. Mtazame Majuto wakati Sharo anaongea: hasemi kitu, anamwangalia tu yule sharobaro na madaha yake toka viatu hadi miwani, uso unajikunja taratibu, na wewe umeshacheka kabla hajafungua mdomo. Sharo tulimpoteza kwa ajali hapo kwetu Muheza, Novemba 2012, na Majuto Agosti 2018, hospitali ya Muhimbili. Mpaka leo nikiwaona pamoja roho inauma na mbavu zinauma.

Kwa Azizi Ali
Dada yangu, nawaheshimu wote wawili, lakini hiyo si jozi. Majuto aliigiza na kila mtu, na Sharo mwenzake hasa alikuwa Kitale. Jozi ni ile ukitaja mmoja, mdomo wenyewe unamalizia wa pili. Nani aliwahi kusema Senga akaishia hapo? Kiwewe na Matumaini vilevile. Mzee Small na Bi Chau vilevile.

Binti Muheza
Kwa hiyo Majuto kosa lake ni kumbeba kila aliyesimama naye? Hiyo ndiyo sifa yake!

Mjukuu wa Mbagala
Samahani Fundi, nilipitiwa. Mzee ana miaka 71, dereva mstaafu. Wageni ni majirani, wajukuu kama kumi na tano, na masheikh wawili wa msikiti wetu. Halafu masikio yake siku hizi ni mazito kidogo.

Fundi Cherehani
Hilo la masikio ndilo ungeanza nalo! Orijino Komedi waliiga sauti za viongozi na kuchezea habari za wiki ile. Asiyesikia vizuri raha yote inampita, na mtoto wa miaka kumi hamjui hata anayeigwa. Weka Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule bonge. Ile ya mwaka 1932 wanayopandisha piano kwenye ngazi ndefu, wakikaribia juu linateremka lenyewe hadi barabarani. Huhitaji sikio wala lugha. Ilipata hadi Oscar.

Mama Wawili
Jamani msije mkabadili mawazo mkaita watu laivu. Mwaka jana send-off ya mdogo wangu, Tabata, tulikodi wachekeshaji wawili, majina siyataji. Nusu ya hela tukatoa mapema. Saa mbili hawapo, saa tatu hawapo, saa nne kasoro akaja mmoja peke yake, anasema mwenzake yuko Kimara kwenye foleni. Akaanza bila mwenzake. Sasa kichekesho kimetungwa kwa watu wawili: anauliza swali, anageuka kushoto kusubiri jibu, kushoto hamna mtu. Alipoona ukumbi umenyamaza akamgeukia mama mkwe mtarajiwa na unene wake. Yule mama alikuwa ameshika soda, akaiweka chini polepole, akachukua pochi yake, akaondoka na meza nzima ya upande wao. Tulikwenda kwao Mwananyamala kuomba radhi mara mbili. Hela hatukurudishiwa.

Kwa Azizi Ali
Pole sana mama. Na hapo ndipo unaona jozi ni nini. Mmoja akikosekana, hamna kitu.

Chama la Saba
Orijino Komedi mnawaonea. Walianza televisheni ya EATV wakiitwa Ze Comedy, wakahamia TBC1 na jina likabadilika, watu tukawafuata hukohuko. Joti wao akitoka kama bibi kizee, mkono kiunoni, unahitaji masikio ya nini? Mjukuu, chagua vipande vya Joti tu.

Binti Muheza
Kwa Joti nakubali. Masheikh je?

Fundi Cherehani
Vipitie vyote kwanza nyumbani. Na spika unazo? Shuka lisiwe jembamba, mwanga unapita. Na LUKU ya umeme muijaze mapema.

Mjukuu wa Mbagala
Spika za jirani. Wakuu, nimefanya ambalo sikulifanya tangu mwanzo, nimemuuliza Mzee mwenyewe. Kasema anataka Pwagu na Pwaguzi, alikuwa akiwasikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Hiyo ni redio, shuka nitalifanyia nini? Na kijana wa video kapiga tena.

Mama Wawili
Kama ni redio, msogezeeni spika karibu na kiti chake. Watoto wawekeeni Joti wakati wa kula.

Kwa Azizi Ali
Pwagu na Pwaguzi! Mzee anajua jozi. Kanda zao ulizia TBC, ndio warithi wa RTD. Ukizipata zilete hapa, na mimi nazitafuta.