Mtopetope unachanua, matunda hayashiki

Wakuu, mtopetope wangu unajaa maua lakini karibu yote yanapukutika. Machache yanayoshika yanatoa matunda yaliyopinda. Shida nini?

— Uchavushaji huo. Ua huanza likiwa jike, limefunguka nusu tu. Likija kutoa chavua (ule unga wa kiume wa ua), sehemu ya kike imeshakauka. Mbawakawa wadogo ndio wachavushaji, nyuki hamna kitu. Upande usiopata chavua hauvimbi, ndiyo maana tunda linapinda.

— Tumia mkono. Jioni kung'uta chavua ya maua yaliyofunguka kabisa kwenye kikopo kikavu. Kesho yake alfajiri, chukua brashi laini, paka katikati ya ua lililofunguka nusu, ukizungusha pande zote. Jua likishakuwa kali umechelewa.

— Na dawa ya wadudu acha kabisa msimu wa maua! Unawaua haohao mbawakawa.