Sakafu bapa kwenye boti ndogo: plaiwudi, alumini au fito?

MvuviWaJioni
Habari za kazi wakuu. Nina boti ya alumini ya mita 4, tumbo lake la V, mabenchi matatu. Ndani hakuna sakafu, unakanyaga mataruma (mihimili inayokatiza tumbo la boti kwa ndani) moja kwa moja. Ukikaa haina shida. Ukisimama kurusha mshipi, mguu mmoja uko juu ya taruma na wa pili umelala kwenye mteremko, na baada ya saa mbili vifundo vya miguu vinalia. Nataka sakafu bapa kutoka benchi la nyuma hadi la mbele, kama mita za mraba 2.5.

Nina njia tatu kichwani: plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa epoksi (gundi ngumu ya kuzuia maji), bati la alumini lenye vinundu la milimita 3, au fito za mbao zenye nafasi katikati. Mwenyewe naegemea alumini kwa kuwa ni nyepesi na haiozi. Benchi la kati nafikiria kulikata kabisa nipate uwanja. Nipeni maoni kabla sijashika msumeno.

Randa_na_Msasa
Mkuu, huo wepesi uhesabu kwanza. Alumini ya milimita 3 ina kilo 8 na ushee kwa mita ya mraba, na hapo vinundu bado. Plaiwudi ya milimita 12 ya mbao nyepesi ni kama kilo 6, ya mbao nzito inafika 8. Kwa eneo lako zote zinacheza kati ya kilo 15 na 20 na kitu, kwa hiyo uzito hauamui kitu. Kinachoamua ni kupinda. Bati hilo likivuka sentimita 45 kutoka taruma hadi taruma litabonyea chini ya kisigino na kulia kama debe kila ukihamisha mguu. Plaiwudi ya 12 inatulia tuli. Ukitaka bati litulie, liwekee fremu chini, na kilo zinapanda tena.

Nimefunga plaiwudi kwenye boti mbili. Ya kwanza ilioza kwa misimu miwili, ya pili ina mwaka wa 7. Mbao zilikuwa zilezile, kosa langu lilikuwa kingo. Uso niliupaka vizuri mpaka nikajisifu, ukingoni nikapitisha brashi mara moja tu nikaenda kula. Plaiwudi hunywea maji ukingoni na kwenye matundu ya skrubu. Safari ya pili kila tundu nililitoboa pana kuliko skrubu, nikalijaza epoksi, ilipokauka nikatoboa tena katikati yake. Skrubu haigusi mbao kabisa. Kingo zilikula tabaka tatu, na la kwanza lilinyonywa lote, ungedhani sijapaka kitu.

Jambo jingine: usiamini muhuri peke yake, hata kama umeandikwa BS 1088 (kiwango cha plaiwudi ya majini). Chukua kipande cha mabaki, kichemshe sufuriani saa kadhaa, kikaushe, kisha jaribu kukibandua kwa patasi. Tabaka zikiachana kirahisi, gundi hiyo si ya majini.

Kalafati
Nimesoma mpaka neno "kulikata" nikasimama. Benchi la kati usiliguse! Kwenye boti kama yako ndilo linaloshika mbavu mbili zisifunguke wala kukunjwa na wimbi. Halafu chungulia chini yake: mara nyingi kuna povu la kuelea limefungiwa humo. Ukilitoa umeondoa kitu kinachoizuia boti isizame ikijaa maji.

Bati_Tupu
Naona alumini inaonewa hapa. Yangu ina miaka 11, sijapaka chochote. Ndiyo, ina fremu ya pembe za alumini chini, na ndiyo, jua likiwa la utosi huwezi kukanyaga peku. Nakubali. Lakini kila mwisho wa msimu ninyi mnapiga msasa, mimi namwagia ndoo ya maji nafunga kazi.

Tahadhari ninayotoa kwa yeyote, awe wa bati au wa mbao: msitumie mbao zilizotiwa dawa ya shaba kama mihimili juu ya alumini. Shemeji yangu alifanya hivyo. Mbao zilikuwa nzima kabisa, ila tulipoziinua tulikuta bati la chini lina vijishimo vyenye unga mweupe, na kimoja ukichungulia unaona mwanga. Shaba, unyevu na chumvi vikikutana, alumini ndiyo inayoliwa. Skrubu za chuma cha pua nazo zipake silikoni na zitengwe kwa washa za nailoni.

MamaTezi
Mnabishana namna ya kuzuia maji, mimi nimeyaacha yapite. Fito za msaji, upana sentimita 6, unene milimita 15, nafasi ya kidole kati ya fito na fito. Zimefungwa kwa vipande vinne, kila kimoja nakiinua kwa mkono mmoja. Nikirudi nchi kavu navisimamisha juani, ndani ya boti nafuta kwa kitambara, basi. Mguu hautelezi na mbao hazina pa kuozea kwa sababu pande zote zinapata hewa.

Ubaya nao nausema: kila kidogo kinachodondoka kinakwenda chini. Ndoana, risasi za mshipi, na siku moja ufunguo wa injini. Na zikae juu ya mihimili ya karibu karibu, fito nyembamba ikivuka mbali inavunjika ghafla.

MvuviWaJioni
Asanteni, benchi linabaki. Alumini nimeipunguzia kura. Swali: nikiinua sakafu iwe juu kuliko usawa wa maji nje, maji ya mvua si yatatoka yenyewe kwa matundu, nisahau kufua maji (kuyachota na kuyamwaga nje)?

Kalafati
Kwa boti kubwa, sawa. Kwa mita 4 fanya jaribio kwanza. Weka injini, tangi, betri na watu wote mtakaokwenda nao, kisha piga alama usawa wa maji ubavuni. Sakafu inayojitoa maji lazima iwe juu ya alama hiyo, hata watu wote wakisogea nyuma. Kwako nadhani utajikuta umesimama juu sana, ubao wa ubavu unafika magotini, na kila sentimita uliyojiinua ni boti inayoyumba zaidi. Weka sakafu chini kadiri mataruma yanavyoruhusu.

Tena usiifunge ikawa kifuniko cha sanduku. Maji yaliyo chini ya sakafu huyaoni. Lita 100 ni kilo 100, na boti ikiinama kidogo yote hukimbilia upande ulioinama na kuukandamiza zaidi. Acha mfereji wazi juu ya mkuku (uti wa chini wa boti), omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, na mlango wa kufikia ngama (pale chini maji yanapokusanyika) palipo na pampu. Ukitia povu chini, lisizibe mfereji huo. Lile jeupe la vifurushi achana nalo, petroli ikimwagika linayeyuka.

Randa_na_Msasa
Kuhusu kupima: kata kadibodi kwanza, vipande vidogo vidogo, viunganishe kwa gundi ya karatasi ndani ya boti hadi vifuate ubavu. Pima maji, kile kifaa chenye kiputo, kwenye boti inayoelea ni kichekesho. Isimamishe nchi kavu, isawazishe kwanza, au vuta uzi kutoka benchi hadi benchi upimie kwenye uzi. Ukingo ukatwe mshazari ufuate mteremko wa ubavu, na uache milimita 5 pembeni. Usitoboe tumbo la boti kwa skrubu yoyote. Sakafu ikaze kwa vibanio kwenye mataruma na mabenchi.

MvuviWaJioni
Narudi baada ya wiki tano. Nimechanganya. Plaiwudi ya 12 mbele na nyuma ya benchi la kati, kila upande vipande viwili vinavyoinuka. Mwisho kabisa, juu ya ngama, nimeweka fito kama za MamaTezi, upana sentimita 40, nione maji na pampu bila kufungua kitu. Kipande nilichochemsha kilistahimili. Rangi ya juu nimeinyunyizia mchanga mkavu ikiwa mbichi, nikapaka nyingine juu yake. Jana nimesimama saa tatu nikirusha na vifundo havijaniambia kitu.

Kuna kipande kimoja cha kushoto nilikata mshazari kinyume, upande mpana ukawa chini. Kilikataa kuingia, nikakisukuma, nikakisukuma, mpaka mke wangu akauliza kama nimejaribu kukigeuza. Kingegeuzwa kingeingia vizuri, ila nilikuwa nimeshapaka mchanga upande mmoja. Sasa ndicho ubao wa kuparia samaki, na mchanga ule unashika mkia haswa.

MamaTezi
Picha ya huo ubao tafadhali 😂