Lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) mpaka lini? Mkulima anaibiwa shambani, mlaji anaibiwa sokoni, na sheria ipo!

Wakuu heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mtanivumilia, huu uzi ni mrefu kidogo.

Mimi nalima viazi mviringo huku Njombe, heka mbili tu. Juzi kaja mnunuzi na Fuso, kaja na magunia yake na vijana wake wa kujaza. Ukiona wanavyojaza unaweza kulia. Kijana anamwaga ndoo, anatikisa gunia, anakandamiza, likishajaa ndo kwanza kazi inaanza, anapanga viazi juu kimoja kimoja na kuvishona kwa kamba mpaka gunia linaota kichwa. Nikamtuma mdogo wangu akaazime mzani kwa jirani tupime moja. Kilo 138!! Bei tuliyokubaliana ni ya gunia, na mimi gunia ninalolijua ni la kilo 100, hizo 38 zingine nani ananilipa? Nikamwambia punguza au ongeza hela. Kanijibu "dada kama hutaki sema, gari iende shamba la pili, mwenzio hapo anasubiri". Viazi vimeshachimbwa, viko nje, jua likivipiga siku mbili vinageuka kijani hakuna atakayevigusa. Utafanyaje? Unauza huku roho inauma.

Sasa kinachonikera kuliko vyote ni kwamba lumbesa ni kosa kisheria. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wapo, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, viongozi wamepiga marufuku majukwaani miaka nenda rudi. Na hilo Fuso likitoka hapa kwenda Dar linapanda mizani ya barabarani, uzito wa gari unajulikana vizuri kabisa, likizidisha linapigwa faini ili lami isiharibike. Lakini gunia lililobebwa mle ndani hakuna anayeuliza lina kilo ngapi. Yaani lami inalindwa kuliko mkulima!

Mtasema basi mlaji wa Dar anafaidi, anakula viazi bei chee. Thubutu. Dada yangu yuko Mbagala anakaanga chipsi, yeye akienda sokoni hauziwi lumbesa, anauziwa kwa sado, yale makopo ya kupimia, na sado zenyewe nyingine zimebonyezwa kitako kikaingia ndani, juu unaona imejaa kumbe chini hewa. Mimi nauza kwa kipimo kilichozidishwa, yeye ananunua kwa kipimo kilichopunguzwa, viazi ni vile vile vya Njombe. Hapo katikati kuna watu wanakula pande zote mbili.

Tukasema tuwaruke, nimtumie yeye moja kwa moja auze na kwa wakaanga chipsi wenzake. Magunia saba, nimepima mwenyewe kila moja. Kwenye geti la ushuru njiani wakamdai dereva ushuru wa mazao, wakati tangu bajeti ya 2017 mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ulifutiwa ushuru. Dereva kabishana wee mwisho kalipa aondoke. Kufika sokoni (silitaji) dada anaambiwa hapa hashushi mtu mzigo bila dalali, na dalali ndo anapanga bei, na kamisheni anakata, na bado kuna hela ya kushusha na hela ya eneo. Mwenye mali amesimama pembeni ya mali yake anasikilizia atapewa ngapi!

Sisemi madalali wote wafukuzwe, kuna wanaofanya kazi kweli, wanawajua wateja na wengine wanatukopesha hela ya mbolea msimu ukiwa mgumu. Ila mtu achague kumtumia, na kamisheni ijulikane mapema, isiwe kwamba bila yeye soko limefungwa. Kusini huko wenye korosho wanauza kwa mnada kupitia vyama vyao vya ushirika (AMCOS), bei inasomwa hadharani kila mtu anaisikia. Najua korosho inakaa ghalani na kiazi hakikai, lakini mzani na bei ya wazi vinahitaji ghala gani? Kenya nao 2019 walitoa kanuni gunia la viazi lisizidi kilo 50, utekelezaji umewasumbua ni kweli, ila angalau gunia la 50 hata mpagazi mgongo unapona.

Tunachotaka hakihitaji mfadhili. Mzani wa kijiji uliohakikiwa, mnunuzi akija apime hapo kwanza kabla gari halijapakia. Kila soko kubwa litenge eneo mkulima ashushe na kuuza mwenyewe kwa kilo, hata kama ni siku mbili kwa wiki, mama ntilie na wakaanga chipsi wajue siku hizo. Na hizo sado zikaguliwe jamani. Halmashauri wanajenga soko jipya la mamilioni mbali na watu, linabaki gofu, kumbe mzani tu wa kijijini umewashinda.

Kama humu kuna mtu wa Vipimo au TAMISEMI naomba anijibu kwa lugha nyepesi: nikimkamata mnunuzi na lumbesa shambani kwangu, nampigia nani, na huyo mtu anafika kabla Fuso halijaondoka?

Na wakulima wa vitunguu na nyanya leteni ya kwenu hapa, najua siko peke yangu.