Parkinson: kizunguzungu akisimama, na choo kigumu

Wakuu, mgonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo) mtetemo umetulia kwa levodopa, dawa inayogeuka dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo, ila akiinuka kitandani anaona giza, na choo hapati hadi siku ya nne. Ni dawa au ugonjwa?

Jibu 1
Vyote viwili. Ugonjwa hudhoofisha neva zinazobana mishipa ya damu mtu anaposimama, na levodopa huzidisha. Alale dakika 5, mpime presha. Asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpelekee daktari vipimo apitie dawa zote, hasa za presha na za tezi dume. Levodopa isikatwe ghafla kamwe, tafadhali!

Jibu 2
Choo msikidharau. Tumbo likiwa zito kwa kukosa choo, levodopa huchelewa kufika utumbo mdogo inakofyonzwa, na mtetemo hurudi. Maji kwanza, ndipo vyakula vya nyuzinyuzi. Bila maji zinakaza zaidi. Isipotosha, daktari huanzisha makrogoli ya unga, dawa ya kulainisha choo. Akitapika asipewe metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, kwani inazuia dopamini ubongoni.

Muulizaji
Asante. Na usiku, kwa hicho kizunguzungu cha kuinuka?

Jibu 1
Inua kitanda upande wa kichwani sentimita 15 hadi 20. Mito pekee haitoshi, hukunja shingo tu.