Mrejesho: Stoo ya mahema na mifuko ya kulalia

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa sita niliwauliza nifanyeje na stoo niliyokabidhiwa huku Colorado, kwenye kazi ya kujitolea ya kiangazi katika shirika linalopeleka wanafunzi milimani. Mahema yalinuka uvundo, mifuko ya kulalia imesinyaa, na hakuna aliyejua nani kachukua nini.

Aliyesema niitoe mifuko yote kwenye vifuko vya kubania na kuitundika, Mungu akubariki. Ile ya manyoya ya bata niliifua kwa sabuni yake, nikaikausha kwenye mashine kwa joto la chini pamoja na mipira ya tenisi. Ilichukua karibu saa nne, lakini imeumuka kama maandazi! Mahema nayo tunayaanika kivulini kila kundi likirudi, maana jua la milimani linakula nailoni.

Mahema matatu yameshindikana. Utando wa ndani wa kuzuia maji ulishaanza kunata na kubanduka. Nikasugua, nikapaka dawa ya kuziba mishono, wapi! Tumeyakata yawe viraka.

Daftari la kusaini kila anayechukua kifaa limesaidia kiasi. Wanafunzi wanasaini vizuri, wakufunzi ndio wasumbufu. Taa mbili za kichwani hazijulikani zilipo hadi leo.

Asanteni sana.